Kinu Alichotunyang'anya Injinia

Mashine za kusaga za siku hizi zinatumia umeme, na sauti yake ni moja tu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Za zamani zilikuwa na roho. Ya Injinia Maganga ilikuwa na bomba la moshi lililotokeza juu ya paa, na kwenye mdomo wa bomba hilo alifunga kopo tupu, basi kila injini ilipopumua kopo liliruka na kulia: tuku, tuku, tuku. Mlio ule ulisikika Chang'ombe nzima. Wanawake wakiusikia walijua mashine imeamka, wakajitwika mahindi yao wakaondoka. Juzi nilikuwa nimekaa ukumbini nachambua mchele, mjukuu wangu akawa anagonga kopo kwenye nguzo. Tuku, tuku, tuku. Mikono yangu ikasimama yenyewe. Nikasikia harufu ya dizeli iliyochanganyika na pumba za moto, na ule wivu wangu wa utotoni ukanipanda kooni kana kwamba haukuwahi kuondoka.

Injinia tumemzika hivi karibuni. Makaburini watu wenye elimu walisimama wakaeleza maisha yake: jinsi alivyokuja pwani kijana kutoka upande wa Tabora, akajifunza mitambo katika karakana ya reli, akafungua mashine yake mwenyewe, kisha nyingine, kisha karakana, mpaka wafanyabiashara wa Kiafrika wa Temeke wakamchagua awe mkubwa wao. Wakataja kisima cha pampu alichouchimbia mtaa, na lori lake lililopeleka wagonjwa hospitali bila kumuuliza mtu dini wala kabila. Yote yalikuwa kweli. Mimi niliishia darasa la nne, na kusema mbele ya watu sikuzoea, ingawa siku ile nilisema, na nitawaeleza nilisema nini. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Nyumbani kwetu, nyumba iliyofuata kwake, tulikuwa baba, mama na mimi, na tulimwonea wivu Injinia huyo mpaka wivu wenyewe ukawa mtu wa nne ndani ya nyumba.

Baba yangu, Kibwana, alikuwa fundi wa vinu. Nikisema hivyo leo vijana hunitazama kama nimesema baba alikuwa fundi wa mawingu. Lakini zamani zile za Mwingereza, mwanamke asiye na kinu alikuwa hana jiko. Baba alitafuta magogo ya mkongo upande wa Pugu, akayachonga nje kwa shoka na tezo, na ndani akayachimba kwa moto: aliweka makaa katikati ya gogo, akapuliza kwa mwanzi, akakwangua, akaweka mengine. Uani kwetu kulinuka moshi wa mkongo mwaka mzima, moshi mtamu kidogo, na mimi nilidhani ndiyo harufu ya akina baba wote. Kila kinu alikichonga pete tatu kiunoni. Wanawake walitoka Mbagala kuja kununua, wakakipiga kinu kofi ubavuni na kusikiliza, kama mtu anavyogonga nazi, wakauliza, "Hiki cha Kibwana mwenyewe?" Baba alionyesha pete tatu kwa kidole cha mguu, akaendelea kupuliza mwanzi wake.

Kisha akaja Maganga.

Alikuwa mtu mfupi, mpana, mweusi wa kung'aa, mwenye ovaroli ya buluu isiyojua kufuliwa. Reli ilimwita fundi. Sisi mtaani tulimwita Injinia, na hakuna aliyetukataza. Alikuja na mkewe, na binti yake Veronika aliyekuwa rika langu, na injini kuukuu iliyotupwa na shamba moja la mkonge. Aliijengea banda la makuti akalala nayo chini, akaifungua vipande vipande, akavipanga juu ya gunia kama mtu anayeanika samaki. Msimu mzima wa mvua alikuwa chini ya lile banda. Bi Mgeni, jirani yetu mwenye ulimi kuliko watu wote, akasema, "Mnyamwezi amenunua maiti, sasa anaiosha." Baba alicheka mpaka akakohoa. Alilirudia neno lile kila jioni barazani.

Asubuhi moja maiti ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatema moshi mweusi, kisha ikaanza kupumua, na kopo likalia.

Sitaki kuwaambia kwamba mtaa ulibadilika siku moja. Mwanzoni wanawake walikwenda kuangalia tu. Walisema unga wa mashine una ladha ya mafuta ya taa. Walisema mwanamke asiyetwanga hunenepa makalio na kukonda akili. Lakini mmoja alipeleka pishi, mwingine akapeleka debe, na baada ya mavuno mawili foleni ilitoka bandani ikapita mbele ya mlango wetu. Na vinu vya baba vikabaki uani, vimesimama kwa safu, midomo wazi, kama wageni walioalikwa karamuni wakakosa mwenyeji.

Hapo ndipo wivu ulipopanga chumba kwetu.

Wa baba ulikuwa wa maneno. Ninyi mnajua, na msiojua niwaambie, kwamba sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipobeba pembe za ndovu mpaka pwani na babu zetu wakawazika waliofia njiani. Mtani hutukanwa akacheka. Mtani huchukua kuku wako mchana kweupe ukabaki kumwambia ahsante. Na mtani hakasiriki; akikasirika, utani umekufa, na waliokuwa watani wanabaki maadui tu. Basi baba alikuwa na ruhusa ya kumsema Maganga apendavyo, naye aliitumia ruhusa ile mpaka ikachakaa.

"Mnyamwezi!" aliita Maganga akipita. "Babu zako walibeba pembe, wewe umebeba chuma. Lini mtazaa mtu wa kukaa?"

"Nitakaa wapi, mtani? Wazaramo mmevijaza vivuli vyote."

"Unga wako unanuka dizeli!"

"Ndiyo maana wanaokula wanakimbia. Wa kwako wanakula wanasinzia."

Baraza lilicheka, Maganga alicheka, baba alicheka. Lakini mimi nilikaa karibu na miguu ya baba, na niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja kwenye mchanga.

Wa mama ulikuwa wa kimya. Baba alikataza mahindi yetu yasikanyage kwenye mashine. Hakugomba; alisema tu, "Mke wa fundi wa vinu," na ikawa imetosha. Kwa hiyo alasiri, wanawake wa mtaa walipokuwa wamekaa mikekani wakisukana, sauti ya mchi iliyosikika Chang'ombe yote ilikuwa yetu. Du. Du. Du. Mama alitwanga akiutazama ule mkeka wa kwa Bi Mgeni, na sijapata kumwona mtu akiutazama mkeka namna ile.

Na wa kwangu? Wa kwangu ulikuwa na jina, Veronika. Alikuwa na viatu. Alikuwa na baba aliyemnyanyua na kumkalisha juu ya gunia la unga, akashuka mweupe kama mzimu, watu wakacheka. Lakini zaidi ya vyote alikuwa na viganja laini. Tulipocheza mdako nilikuwa naficha mikono yangu, kwa sababu mchi ulikuwa umeniotesha sugu, na yake ilikuwa kama ndani ya ganda la ndizi. Siku moja aliigusa sugu yangu kwa kidole, akauliza, "Inauma?" Aliuliza kwa wema. Nilimchukia wiki nzima.

Kwa kuwa hakuna aliyeagiza kinu, baba akawa na nafasi. Akalitoa gogo alilokuwa amelihifadhi nyuma ya nyumba tangu kabla sijazaliwa, mkongo mwekundu usio na ufa, akaanza kuchonga polepole, bila haraka ya mteja. Hakusema ni kinu cha nani. Alikipima urefu kwa kunisimamisha kando yake. Alipomaliza zile pete tatu akaongeza ya nne, nyembamba, chini ya mdomo, akasema, "Hiki hakiuzwi. Hii pete ni wewe. Mwajuma, siku ukitolewa mwali utakwenda nacho kwa mumeo, na ukitwanga humo watu wajue umetoka kwa nani." Akanichongea na mchi wake. Tulitwanga humo pumba na chumvi kukitoa ukakasi, tukakipaka mafuta ya nazi, kikang'aa kama mtu aliyetoka kuoga.

Veronika akaja kukiona. Alikizunguka. Alipitisha kile kiganja chake laini juu ya pete ya nne, akarudi akaipitia tena, akasema kwa sauti ndogo, "Baba yangu hajui kutengeneza kitu kama hiki." Jamani. Siwezi kuwaeleza utamu wa maneno yale. Nilikuwa sijawahi kuonewa wivu na mtu. Usiku ule nililala nikitabasamu gizani.

Kesho yake adhuhuri, baraza likiwa limejaa wanaume, Maganga alivuka uwanja na ovaroli yake, akaingia uani kwetu bila hodi, akatoka na kinu changu begani na mchi mkononi.

"Mtani," alimwambia baba, "nimepita nimekuta kitu kimekaa bure. Nyumbani kwangu karanga zinalia. Nakichukua."

Baraza likalipuka kwa kicheko. Mmoja akasema, "Kibwana, leo umepatikana!" Mwingine akapigapiga mapaja ya wenzake. Kila mtu alimtazama baba, kwa sababu sasa zamu ya kucheka ilikuwa yake. Baba akacheka. Niliuona ule mdomo ukifunguka na meno yakitoka, lakini macho hayakufuata. "Chukua," akasema. "Mla cha mwenziwe na chake huliwa."

Mimi nikapiga yowe. Mama alinivuta ndani akanifunika mdomo kwa khanga. "Nyamaza! Mtani haliliwi."

"Ni changu! Kina pete yangu!"

"Najua."

"Anakipeleka kwa Veronika!"

Jioni nikasikia kutoka jikoni kwao sauti ninayoijua, nzito, safi, ya mkongo mwekundu, na mtu asiyejua kutwanga akiipiga vibaya. Baba naye aliisikia. Alisukuma sahani yake akatoka kwenda kukaa kati ya vinu vyake.

Siku chache baadaye, Ijumaa, kulikuwa na harusi inakuja. Bi Mgeni alikuwa anamwoza binti yake kesho yake, na mpunga wa karamu ulikuwa bado haujakobolewa. Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Madebe, vikapu, wanawake wenye watoto mgongoni. Baba alitoka msikitini na kanzu yake nyeupe. Hakuja nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani, nami nikamfuata kwa sababu sikuipenda ile namna ya kutembea.

Injini ilikuwa imezimwa ipoe. Kutoka kwenye gurudumu lake kubwa mpaka kwenye mashine ya kukobolea ulipita mkanda mpana wa ngozi, uliopakwa nta, na bila mkanda ule injini ingeguruma mpaka Kiyama isikoboe punje. Baba akaushika, akauvuta ukachomoka kwenye gurudumu, akajizungushia shingoni na mabegani juu ya kanzu nyeupe kama mtu aliyeua chatu.

"Mtani," akasema, "na mimi nimekuta kitu kimekaa bure."

Hakuna aliyecheka. Hata Bi Mgeni. Wote tuliona kwamba hili lilikuwa limevaa nguo za utani lakini halikuwa utani. Kuku ni utani. Kinu cha mtoto ni utani, wa kuumiza lakini utani. Mkanda ulikuwa ndio riziki ya mtu. Baba akapita katikati ya wanawake, grisi ikimchafua kanzu, akarudi nyumbani, akauweka mkanda chini, akaukalia.

Mimi nilisimama mlangoni. Kwa muda nilikuwa na furaha. Niseme kweli, nilifurahi kopo lisilie. Kisha nikamwona mama amekaa chini ameshika kichwa. "Akienda polisi baba yako anafungwa," akasema. "Asipokwenda, akija na hasira tu, hatutaweza tena kukaa Chang'ombe. Nani atampa mkono mtu aliyeua utani kwa wivu?" Hapo ndipo nilipojua kwamba mama alikuwa analijua lile neno siku zote.

Nje tulisikia sauti. Bi Mgeni alikuwa anapiga kelele, "Harusi yangu! Nenda polisi, Maganga, unangoja nini?"

Na Maganga akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu, "Mtani hapelekwi polisi, mama. Nifuateni."

Walikuja wote. Maganga mbele, na nyuma yake ile foleni nzima na madebe yake, mkewe na Veronika, na watoto wa mtaa waliokuja kuona watu wakipigana. Maganga akasimama uani mbele ya baba aliyekalia mkanda. Nilitazama mikono yake, kwa sababu ilikuwa mikubwa. Akavua kofia.

"Mtani, umenishinda," akasema. "Umeniua katikati ya harusi ya watu. Sasa mimi sina mashine, na huyu mama ana wageni kesho. Katika mtaa huu nani mwingine ana kitu cha kukobolea mpunga?"

Baba alimtazama. Kuku alipita katikati yao, akatazama huku na huku, akaendelea.

"Vinu vipo," baba akasema mwisho.

"Vipo vingapi?"

"Macho unayo. Hesabu."

Maganga akawageukia wanawake. "Mmesikia? Vipo."

Kwanza walisita. Kisha Bi Mgeni, ambaye hakuwa na wakati wa kupoteza, akamwaga mpunga katika kinu cha kwanza, akajifunga khanga kiunoni, akaita, "Haya, mnaona haya gani? Kwani mama zenu walikuwa na injini?" Mama yangu akauchukua mchi. Mwingine akachukua wake. Vinu vyote vilivyokuwa vimesimama midomo wazi vikashibishwa siku moja. Wawili kwa kinu, watatu kwa kinu, mchi ukipanda mwingine ukishuka, mpaka ardhi ikawa inatetemeka chini ya nyayo na makapi yakapaa uani kama mvua inayokwenda juu. Nyimbo za unyago zilitoka ambazo wanaume hawakutakiwa kuzisikia, nao wakajifanya hawasikii.

Na Maganga akauchukua mchi. Mtu aliyeweza kufungua injini na kuifunga akiwa amefumba macho hakujua kutwanga. Aliukosa mpunga akapiga mdomo wa kinu, mchi ukamponyoka. Watu wakaanguka kwa kicheko. Baba alivumilia, akavumilia, mwisho akainuka juu ya mkanda.

"Si hivyo, wewe! Unapiga kama unaua nyoka. Legeza mkono. Uache mchi uanguke wenyewe, wewe kazi yako kuupandisha tu. Ebu lete."

Akamwonyesha. Maganga akajaribu, akakosa tena, baba akacheka, na safari hii macho yalifuata. Nilikuwa namtazama. Niliona yanafuata.

Jioni ile hakuna aliyekuja kuuchukua mkanda. Asubuhi baba aliubeba mwenyewe akaurudisha. Alikaa huko mpaka mchana. Aliporudi alikuwa na kipande cha chuma kilicholika, kama bangili nene, na jicho lake lilikuwa la mtu aliyepata gogo zuri. Alitueleza kwamba ule mtaimbo unaozunguka kwenye mashine hulalia bangili ile, na bangili imekwisha, na baada ya vita vipuri kutoka Ulaya havifiki. "Nimemwambia chuma chake ni cha kipuuzi," baba akasema. "Mpingo uliochemshwa kwenye mafuta hauliki ovyo. Mnyamwezi gani atajua hayo?" Akachonga. Bangili ya mpingo ikaingia, mtaimbo ukazunguka. Akachonga na magurudumu ya mbao ya kuvutia mkanda. Injinia alipofungua mashine nyingine Temeke, na baadaye Kinondoni, na moja mpaka Boko barabara ya Bagamoyo, ndani yake kulikuwa na mbao za baba, kila moja na pete tatu ambapo hakuna mtu angeziona.

Mama akaanza kupeleka mahindi kwenye mashine. Baba hakumwambia nenda, ila siku moja alimwambia, "Ukienda, mwambie yule mbeba mizigo bangili itazamwe." Na alasiri mama akakaa mkekani kwa Bi Mgeni na miguu yake imenyooka mbele. Mpaka kufa kwake baba hakuacha kumtukana Maganga, na alipokufa, Maganga ndiye aliyelileta lori, ndiye aliyekunja suruali akaingia kaburini kumpokea.

Lakini kinu changu hakikurudi.

Na wivu wangu, tofauti na wa baba, haukupata wa kuuondoa. Baba alinichongea kingine nilipoolewa, kizuri, chenye pete zote nne. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na nilijua, na kila mtu aliyejua vinu angejua, kwamba si kile. Nilipokuja kuwatembelea wazazi nilikisikia cha kwanza kikilia jikoni kwa akina Veronika. Yeye alisoma akawa mwalimu, akaolewa akabaki palepale uwanjani pa baba yake. Tulisalimiana vizuri, tulipikiana Idi na Krismasi. Na kila nilipokula karanga zake nilikumbuka zimetwangwa kwenye kinu changu.

Nirudi sasa makaburini. Wasemaji walipomaliza, jeneza likiwa bado juu, wazee wa Kinyamwezi wakauliza, "Mtani yuko wapi?" Maana mtu wa namna ile hazikwi kavukavu, lazima mtani amseme, aige mwendo wake, awacheke wafiwa mpaka watoe machozi ya namna nyingine. Baba hakuwapo. Ndugu sina, mimi ni mtoto wa pekee. Wakanitazama mimi, bibi mzima wa kujificha nyuma ya ushungi. Mtu akanivika ile ovaroli ya buluu. Ilikuwa bado inanuka dizeli. Nilitaka kulia, na mtani hatakiwi kulia, basi nikapanua miguu nikatembea vile alivyotembea, mfupi, mpana, nikaenda nikasimama mbele ya jeneza nikazuia njia.

"Hapiti!" nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyodhani. "Mnasema huyu mtu mwema, alitoa hiki, alitoa kile. Huyu ni mwizi! Aliingia kwetu mchana akaiba kinu cha mtoto. Mtoto mwenyewe ni mimi. Hazikwi Mnyamwezi hapa mpaka kinu changu kirudi!"

Watu walicheka mpaka padri akatazama chini kuficha meno. Wao walidhani nimetunga. Veronika hakucheka. Akamwita kijana wake, akamtuma nyumbani na gari, na sote tukangoja pale juani, na jeneza likangoja. Kijana akarudi amekikumbatia kifuani, na mchi juu yake.

Kilikuwa kimechakaa. Mdomo ulikuwa umelika upande mmoja. Pete ya nne ilikuwa karibu kufutika kwa kushikwa. Nikakiinamisha nitazame ndani, na chini kabisa, mahali ambapo mchi wa miaka yote hiyo ulikuwa umetoboa, palikuwa na duara la chuma, limechongwa sawasawa na mviringo wa kinu na kupigiliwa misumari bapa kwa ustadi. Mtu mwenye mashine za kusaga mpaka Boko alikuwa amekaa chini akakiwekea kinu kiraka.

"Nilimwambia akirudishe," Veronika akaniambia kwa sauti ya chini, sisi wawili tu. "Siku ileile alipokileta. Nililia, nikamwambia, baba, ni cha Mwajuma, kina pete yake. Mama naye akamgombeza. Baba akasema, yule mzee hapokei. Nimejaribu kumpa unga, nimejaribu kumpa kazi, kila nikipeleka kitu ananirudishia kwa mzaha. Lazima kwanza awe ananidai. Akasema, nimemchukulia kitu anachokipenda, sasa na yeye atakuja kuchukua, na akishachukua tutakuwa sawa, tutaweza kuzungumza." Akafuta uso. "Shoga, sisi tulikuwa tunategemea kuku. Au gunia la unga, alikuwa ameliweka karibu na mlango kabisa lionekane. Baba yako akachukua mkanda!"

Hapo ndipo nilipocheka, na ovaroli ya marehemu mwilini, na hapohapo nikalia, na hakuna aliyenikataza.

Nimekaa nikiliwaza jambo hili tangu siku ile. Nilimjua mtu yule maisha yangu yote kama mtoaji, na kila kitu alichotoa kilituuma, kwa sababu ni vigumu kumsamehe anayekupa. Yeye alilijua hilo. Akaanza kwa kuchukua. Alitunyang'anya ili tuwe na haki ya kumnyang'anya, na alichagua kinu changu kwa sababu uani kwetu pote ndicho kitu pekee ambacho baba hakutaka kukiuza. Sasa najua ni hesabu nzuri. Ila mtoto aliyelipa ni mimi, na sitawadanganya kwamba haiumi.

Nilikuwa na haki ya kuondoka na vyote. Watani wenzangu walinishangilia nibebe. Nikajitwika kinu kichwani, mbele ya watu wote, nikaipisha njia, jeneza likapita. Mchi nikamrudishia Veronika mkononi.

Akautazama. "Na huu?"

"Huo ukae kwenu," nikamwambia. "Ukitaka kutwanga utanifuata, nikitaka kutwanga nitakufuata."

Jana alikuja na karanga zake kwenye bakuli na mchi begani, mwalimu mstaafu, anahema. Tulitwanga kwa zamu. Viganja vyake, nimevitazama vizuri, vina sugu ya miaka hamsini, palepale ilipokuwa ya kwangu. Anatwanga vizuri sasa. Ananishinda kidogo, na hilo, nawaambia ninyi tu, bado sijalizoea.